Ukuta wa Kale Nilioujenga Ibra

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi, na viatu vya ngozi nilivyoving'arisha hata ungeweza kujitazamia masharubu. Ilikuwa Nizwa, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nimetoka Unguja na mke, watoto wanne na kisanduku cha miko ya kupakia chokaa. Nilidhani fundi aliyepaka chokaa majumba ya wakubwa mjini Unguja atapokewa kwa heshima zake. Mkuu wa Mafundi, mzee mfupi mwenye ndevu za hina, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye fundi, au umekuja kutukagua?"

"Fundi," nikasema.

"Basi vua viatu."

Nikatiwa ndani ya shimo kukanyaga udongo na makapi kwa ajili ya matofali ya kukarabatia ngome. Nilikanyaga tangu saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri, suruali yangu ya kaki imekunjwa mpaka magotini, na vibarua wamekaa kivulini wananihesabia hatua.

Nyinyi vijana mkisikia saruji mnafikiria mfuko wa dukani. Saruji yetu sisi ilikuwa udongo wa mashambani. Unakandwa kama mikate, unakaushwa juani, unapangwa juu ya magogo ya mitende na kuchomwa siku kadhaa, kisha unapondwa ukawa unga. Ukichanganywa vizuri unashika hata ndani ya maji, ndiyo maana falaji, ile mifereji ya kupeleka maji mashambani, imedumu vile. Ukichanganywa vibaya, Mkuu wa Mafundi alikuwa akikuita mbele ya watu na kukuuliza kama kwenu mlikuwa mkila chakula kibichi.

Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani na msikitini. Niliweza kuomba mvua, lakini sikuweza kuomba nyundo. Kwa hivyo jina langu halikutumika sana, niliitwa Mzinjibari. Na ajabu ni kuwa Unguja nilikuwa nikiitwa Mmanga, yaani Mwarabu wa Oman. Nikawa najiuliza, basi huyo Mwomani mwenyewe ni nani, na anapatikana saa ngapi.

Halikuwa jambo la kuchekea tu. Nilikuwa kibarua wa mwezi kwa mwezi. Ili niandikwe kazi ya kudumu ilitakiwa barua ya mkubwa wa mji wetu wa asili, aseme kwamba ananitambua. Mji wetu ni Ibra. Babu yangu aliondoka huko kijana hajaota ndevu, akafia Unguja bila ya kurudi. Nilimwandikia mara mbili Sheikh Hamoud, mkubwa wa mtaa aliotoka babu. Mara zote mbili jibu lilikuwa neno moja: "Tutaangalia." Mke wangu kila jioni akiniuliza kama barua imekuja, na mimi kila jioni nikijifanya sikusikia.

Kutoka Nizwa nilipelekwa Birkat al Mauz. Huko nilipewa na kalamu, kwa sababu nilisoma skuli na Kiingereza nakijua. Mkurugenzi wetu wa idara ya majengo ya kale, bwana mrefu asiyecheka hata akitekenywa, alitaka kila kitu cha kale kiwe na fomu yake: jina, kipimo, mjenzi. Nilimkuta mzee mmoja kwenye migomba yake, nikamuuliza nani aliyechimba falaji yao. Akasema majini. Nikaandika majini. Fomu ikarudi ina wino mwekundu: "Majini wa kabila gani?" Mpaka leo sijui kama Mkurugenzi alikuwa anafanya mzaha.

Ndipo nikahamishiwa Ibra, mji wa babu. Mvua ilikuwa imeangusha ukuta mmoja wa baraza ya wageni katika nyumba ya kale, na mwenye nyumba si mwengine ila Sheikh Hamoud mwenyewe. Amri ya ofisini ilikuwa fupi: "Urejeshwe kama ulivyokuwa." Sawa, ulikuwaje? Picha haikuwapo. Nikamwendea Sheikh, nikambusu mkono, nikamuuliza ukuta wake ulikuwaje.

"Ulikuwa umesimama," akasema, akaendelea na kahawa yake.

Ikabidi nitegemee kumbukumbu, na kumbukumbu niliyokuwa nayo ilikuwa ya babu. Sebuleni kwake Unguja ukuta mzima ulikuwa wa vidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitabu na sahani za kaure. Babu alikuwa akivionyesha kwa bakora yake na kutuambia, "Nyumba zetu Ibra ni hivi hivi." Miaka hamsini alikuwa hajaiona Ibra. Mimi nilimwamini, kwani nani atamkatalia babu yake mji wake? Kweli niliona kwamba nyumba za jirani zina vidaka vidogo vya mraba, viwili vitatu, vimekaa kimya. Nikajiambia, maskini, hawa wamesahau.

Basi nikawakumbusha. Niliwajengea safu tatu za vidaka, kimoja juu ya kingine, matao yake yana mawimbi, na pembeni nikachonga maua. Nikapaka chokaa nyeupe, nikaisugua mpaka ikateleza. Sheikh alikuwa akija kila siku, anakaa kwenye mkeka, ananitazama, anaondoka. Hakusema zuri wala baya. Nilipomaliza nikamkumbusha barua yangu, naye akasema, "Tutaangalia."

Miezi mitatu baadaye Mkurugenzi akaja na Mtaalamu. Huyu alikuwa Mgiriki mnene mwenye kofia ya ukindu, ameletwa kutuambia kipi cha kale na kipi si cha kale. Hajui Kiarabu, Mkurugenzi Kiingereza chake kidogo, kwa hivyo mkalimani nikawa mimi. Wazee wa mtaa wakajaa barazani. Mtaalamu alipouona ukuta wangu alivua kofia.

"Mwambie mwenye nyumba," akasema taratibu, "kwamba nimezunguka nchi hii mwaka mzima na sijaona kitu kama hiki."

Nilitafsiri. Mpaka hapo sikusema uongo.

"Huu una miaka mia tatu. Si chini ya hapo."

Hilo halikuwa kweli, lakini nilitafsiri, maana ndiyo kazi. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Jirani mmoja, Bwana Khamis, akasimama na kutangaza kwamba maua yale yalichongwa na babu yake mzaa babu. Maua yale yalichongwa Jumanne, na aliyeyachonga alikuwa na mafua. Nikamtafsiria Mtaalamu kwamba bwana huyu anazo habari za familia yake.

Sheikh Hamoud alikuwa amekaa palepale pake, ananitazama mimi, na kikombe chake mkononi.

Mtaalamu akaketi, akafutafuta jasho, na maneno yakamjia. Alikuwa mtu wa kukumbuka kwao. "Kwetu," akasema, "huchimbi kisima ila ukute mtu wa marumaru amelala. Zizi la mbuzi la mjomba wangu lina nguzo ya hekalu katikati, na mbuzi hujikunia hapo. Mwalimu wetu akitupiga alikuwa akituonyesha mahekalu ya mlimani. 'Wazee wako walijenga vile, na wewe kumi na mbili huwezi kugawa kwa nne.' Ndiyo maana Wagiriki tuko hivi tulivyo. Tunatembea kifua mbele, na papo hapo tunaona haya. Kila asubuhi unafungua dirisha, wazee wanakutazama wanataka kujua umefanya nini. Hujui kama mawe ni yako au wewe ndiye wa mawe."

Niliyatafsiri hayo yote, na wallahi yaliniingia. Mimi nilikuwa natamani hata hayo mawe ya kuyaonea haya. Wazee waliokaa pale kila mmoja alikuwa na ukuta wake, kaburi la babu yake, mtende anaojua ulipandwa na nani. Mimi nilikuwa na kisanduku cha miko.

Lakini Mtaalamu hakuishia hapo. Akamwambia Mkurugenzi kwamba nyumba zote za mtaa ule zikarabatiwe kwa mfano wa ukuta huu. Na picha yake itiwe katika kitabu cha skuli, watoto wa Oman wajue wao ni nani.

Yakhe! Niliwaona watoto wangu wanarudi skuli na kitabu, wananifundisha mimi asili yao, na asili yenyewe ni mimi. Na mtaa mzima wa Ibra utavunjiwa vidaka vyake vya mraba, vya kweli, kwa ajili ya njozi za mzee mmoja aliyeshikwa na hamu ya kwao kule ng'ambo. Nikisema, kazi imekwenda, na barua ya Sheikh imekwenda pia, maana nani atamtambua mtu aliyemharibia nyumba yake? Nikinyamaza, nitakula na kulala salama, na kila nikipita mtaa ule nitainama.

"Ukuta huu nimeujenga mimi," nikasema kwa Kiingereza. Halafu nikasema kwa Kiarabu, ili pasiwe na wa kuuliza.

Mkurugenzi akaniuliza, "Lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Ramadhani gani?"

"Hii iliyopita, bwana."

Bwana Khamis akaanza kutafuta viatu vyake.

"Uliambiwa kama ulivyokuwa," akasema Mkurugenzi. "Nani alikwambia ulikuwa hivi?"

"Babu yangu."

"Yuko wapi nimuulize?"

"Keshakufa, bwana. Yuko Unguja."

Akaniambia kesho niubomoe kwa mikono yangu mwenyewe, na kesho kutwa nisionekane kazini. Niliogopa, sikufichieni. Nilimfikiria mke wangu na lile suali lake la kila jioni. Nilimtafsiria Mtaalamu amri hiyo, naye alikuwa bado anautazama ukuta, na masikio yamemwiva kwa aibu. Ndipo akacheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Usibomolewe," akasema. "Kwetu nusu ya nguzo wanazozipiga picha wageni zilisimamishwa juzijuzi na fundi fulani, na hakuna aliyeandika jina lake. Hapa tutaandika. Nyumba nyengine ziacheni kama zilivyo." Akafungua daftari. Akaandika jina langu, Nassor bin Seif, akaandika kazi yangu, kisha kalamu ikasimama. "Asili yake wapi?"

"Zinjibar," akajibu Mkurugenzi.

Sheikh Hamoud akagonga bakora chini. "Huyo mgeni anauliza nini?"

"Anauliza mimi mtu wa wapi," nikasema.

Sheikh akatikisa kikombe chake, alama kwamba kahawa imetosha, akakiweka chini. "Jina la babu kwenye karatasi mtu yeyote huliandika," akasema. "Nimeletewa majina mengi. Lakini mtu wa kupita angenyamaza leo. Ukuta si wa wazee wake, uongo wake hautamuuma. Huyu kaona haya mbele yetu. Mwambie aandike, mtu wa Ibra."

Hakuna aliyeweza kumwambia isipokuwa mimi. Kiingereza chote nilichosomeshwa kilinitoka. Nilisema neno moja tu, "Ibra," na Mtaalamu akajifanya anasafisha miwani yake.

Barua ya Sheikh ilikuja wiki ya pili yake, nikaandikwa kazi ya kudumu. Mkurugenzi, kwa kuwa alikuwa lazima aniadhibu kwa kitu, alinihamishia Sur, pwani. Adhabu gani hiyo, mtu wa Unguja kupelekwa kwenye samaki. Nilinenepa. Baadaye nikapelekwa Jalan Bani Bu Ali, nikatengeneza milango na kuta za misikiti, na kabla sijagusa kitu niliwauliza wazee watano, na wakipingana nilisubiri mpaka waishe kugombana. Kazi zangu zikawa zinachelewa, lakini hazikurudi na wino mwekundu.

Sasa nimestaafu, na vijana huja kuniuliza sisi hasa ni watu gani, na jibu wanalitaka kabla ya chai kupoa. Mimi nawaambia waende wakakae na ukuta wowote wa kale, wamuulize mwenye ukuta amejua vipi habari zake, na wasimwamini sana. Mawe hayana neno. Sisi ndio tunaoyasemea, na aliye na hamu zaidi ndiye anayeongeza.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa Ibra. Miaka ya themanini ilikuwa ukingoni, Sheikh Hamoud alishatangulia mbele ya haki, na mvua ilikuwa imeuangusha tena ukuta uleule. Msimamizi alikuwa injinia kijana, wazazi wake walitoka Bujumbura, Kiswahili chake cha bara, na adabu anazo. Alikuwa na wiki moja tu Ibra, na mimi alinijua kwa jina la Bu Salim, kama wote walivyoniita kwa mwanangu mkubwa.

"Shikamoo, mzee," akaniambia. "Hapa hakuna kubadilisha kitu. Vidaka safu tatu, na yale maua, kama walivyojenga wazee wetu."

"Wazee wetu," nikasema.

"Ndiyo, mzee. Walikuwa na akili sana hao watu." Akafungua faili, akapitisha kidole kwenye karatasi iliyoanza kugeuka manjano. "Na fundi wake ameandikwa hapa. Nassor bin Seif, mtu wa Ibra. Mungu amrehemu. Alikufa mwaka gani, ndiyo haikuandikwa."

"Bado," nikamwambia.

Hakufahamu, na mimi sikuwa na haja afahamu. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikalia kidogo, peke yangu. Kisha nikarudi kumkaripia, kwa sababu chokaa yake alikuwa ameitia maji mengi.