Siitiki nikiitwa: movie ya kizamani ilivyonifukulia kesi ya utotoni

Wakuu, salaam. Hii si chai. Mama yangu yupo hai, anayebisha aende Mwanakwerekwe akamuulize mwenyewe.

Mimi nina kasoro moja. Ukiniita na sikuoni, siitiki. Nanyanyuka kimya kimya nakufuata. Wife kagomba mpaka kachoka. "Haji, kwani ukisema naam unakatwa ulimi?"

Jumamosi moja mchana, nyumbani kwetu Malindi, hapa hapa Unguja, tukatizama movie ya kizamani, ile isiyo na rangi. Jamaa anaamini kaua mtu, ila hakumbuki vizuri. Daktari anamchimba ndoto zake, kumbe mzizi uko utotoni.

Wife akacheka. "Na wewe wa kuchimbwa hivyo hivyo."

Nikacheka pia, ila kwa nje tu. Kesi yangu naijua, niliifukia tu.

Nilikuwa na miaka saba, tumekwenda na mama Makunduchi kwa bibi. Jua la utosi, nikasikia naitwa kutoka uani, sauti sikuitambua. Sasa sisi watoto tulishaonywa: ukiitwa mchana na humuoni anayekuita, usiitike, huenda si mtu.

Nikajibanza nyuma ya banda la mbuzi.

Jioni nikaambiwa bibi alianguka uani. Asubuhi hakuamka.

Basi nikajihukumu: bibi aliniita nimsaidie, nikamwacha afe. Zaidi ya miaka thelathini sijamwambia mtu. Hata wife.

Baada ya ile movie usingizi ukawa wa shida. Ijumaa nikaenda kwa mama. Shikamoo, marahaba, nikamwaga yote. Wakuu, niliogopa jibu lake kuliko korti.

Mama akanisogelea.

"Bibi yako ulimi ulishakuwa mzito, hakuweza kuita mtu. Alokwita ni mie, nnae mikononi. Nlitaka ukimbilie kwa jirani, usimuone katika hali ile. Hukuitika, nkashukuru Mungu, nkajua ushaondoka."

Nililia pale mkekani, na mvi zangu.

Nilichojifunza: mtoto akijihukumu haiti mashahidi. Kama una jambo linakutafuna na shahidi yupo hai, kamuulize mapema.

Jana wife kaniita akiwa jikoni. Nikaitika, "Naam!"

Akatoka mbio na mwiko mkononi, kuangalia mwanaume gani kaingia ndani.

Haya, na nyie mmefukia nini huko? Semeni, leo sicheki mtu.