Swali la Thelathini na Moja

Nilifika Kitengela juu ya lori la mapipa matupu. Siku nne kabla ya hapo tulikuwa tumeondoka Lokichoggio, kule karibu na mpaka, mimi nikiwa nimeketi juu ya turubai na begi moja. Huko kazi yangu ilikuwa kupakia magunia ya chakula cha msaada ndani ya ndege. Niliifanya mpaka ndege zikapungua, zikawa moja kwa wiki, kisha uwanja ukanyamaza. Tulipita Lodwar kwenye joto la kupasua midomo, tukapoteza siku nzima Kitale kwa sababu ya springi iliyovunjika, tukafika Nakuru nikiwa nimejifunika magunia kwa baridi. Mapipa yaligongana njia nzima. Hata leo nikisikia mtu akigonga debe naikumbuka safari ile, na kwa namna fulani naitamani.

Dereva alinishusha kando ya barabara ya Namanga akaniambia viwanda viko karibu, sitakosa kibarua. Kabla sijatazama mji nilitazama juu. Ndege kubwa ilikuwa inashuka kuelekea Nairobi, magurudumu yametoka, chini kiasi kwamba niliona madirisha yake. Nikasema hapa nitakaa kidogo. Nilikaa miaka kumi na mmoja, na sijawahi kukaa mahali pengine popote muda mrefu hivyo tangu nitoke kwetu magharibi na cheti changu cha kidato cha nne.

Kitengela kulikuwa na nyumba nyingi na maji machache. Nilianza kama utingo kwenye boza, lori lenye tangi la maji, baadaye nikapata leseni na kuliendesha mwenyewe. Ndivyo nilivyomjua Mwalimu. Alifundisha sayansi katika shule moja ya msingi pembeni ya mji, pale nyumba zilipokuwa zinaishia na nyika kuanza. Alikuwa mjane kutoka Ukambani, mwenye umri wa dada yangu mkubwa, na alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Nilipeleka maji shuleni kila Jumatano. Siku moja nilimkuta amepanga watoto uwanjani, ameshika chupa ya soda ya plastiki iliyojazwa maji nusu, ameichomeka kwenye pampu ya baiskeli. Mtoto akapiga pampu, chupa ikafyatuka, ikapaa juu ya paa la darasa, ikamwaga maji yote juu yetu. Mimi mtu mzima nilicheka mpaka nikaketi kwenye ngazi ya boza.

Aliniuliza kama najua kwa nini imepaa. Nikamwambia nimepakia ndege miaka mingi na sijui ni kwa nini hata moja kati yao ilipaa.

"Basi njoo Jumamosi," alisema. "Na ukuje na maji."

Klabu ile ilikuwa tawi la chama cha watu wa kujitolea chenye makao Nairobi, kinachofundisha watoto habari za ndege na anga. Mwalimu ndiye aliyeianzisha pale shuleni, peke yake, kwa chupa alizookota. Nikajiunga. Wanachama watu wazima tulikuwa na sare, shati la samawati na suruali ya kijivu, na kila mtu alishonesha yake kwa fundi wake. Kila Jumamosi asubuhi nilileta madumu sita ya maji na tulirusha chupa upande wa nyikani. Mchungaji mmoja wa Kimaasai alizoea kusimama akitutazama. Tulimwamkia "Sopa," naye akajibu "Epa," kisha akatukumbusha kwamba chupa ikiua mbuzi wake tutalipa ng'ombe. Nadhani hizo ndizo Jumamosi nilizokuwa nazitafuta toka nizaliwe. Sikujua wakati ule.

Mwaka wangu wa tatu katika klabu, makao makuu yakatoa sheria mpya. Kila klabu ya shule iongozwe na mwanachama mwenye nishani ya elimu ya anga. Asiye na nishani angeweza kusaidia tu. Afisa kutoka Nairobi alituletea mimi na Mwalimu kila mmoja kitabu kinene na bahasha iliyofungwa, ndani yake maswali hamsini. Mtu angefanya mtihani nyumbani kwake, kwa mwezi mmoja, akifungua kitabu apendavyo. Kitu kimoja tu kilikatazwa, nacho ni kumuuliza mtu. Ukimaliza unatia sahihi chini ya maneno haya: Majibu haya ni yangu mwenyewe na sikusaidiwa na mtu. Kupita ilikuwa arobaini.

Nilifungua bahasha yangu siku ile ile. Mwalimu hakufungua yake. Ilikuwa mwisho wa muhula na alikuwa na rundo la karatasi za watoto za kusahihisha.

Swali la thelathini na moja lilinishinda. Liliuliza kwa nini ndege iliyoinua pua kupita kiasi huanguka hali injini inanguruma kwa nguvu zote, na rubani afanye nini. Jibu lilikuwa ndani ya kitabu, lakini kwa Kiingereza kizito chenye michoro ya mishale. Nilisoma kurasa zile mara tatu nikatoka mikono mitupu. Jumatano iliyofuata, maji yakiingia tangini, nilimuuliza Mwalimu kama mtu anayepiga soga tu.

"Hivi Mwalimu, ndege inaweza kuanguka na injini iko sawa kabisa?"

Uso wake ulichangamka. Alichukua daftari la mtoto, akalishika kama bawa, akalielekeza kwenye upepo wa nyikani. Likiwa limelala, upepo ulilibeba. Akaliinua mbele kidogo kidogo, likabebwa zaidi, mpaka akaliinua mno, likatetemeka na kuanguka kwenye kiganja chake.

"Unaona? Injini haina makosa. Upepo umeachana na bawa. Sasa rubani lazima ashushe pua. Anaogopa, kwa sababu ardhi iko pale mbele yake, lakini anashusha. Hapo bawa linashika hewa tena."

Jioni ile niliandika karibu maneno yake yote. Kisha nikatia sahihi.

Afisa alirudi na matokeo Jumamosi moja, akayasoma mbele ya watoto. Mimi nilipata arobaini na tatu. Mwalimu alipata thelathini na tisa. Watoto walimtazama, hawakujua kama inafaa kupiga makofi. Mwalimu ndiye aliyeanza kupiga. Desturi ya chama ni kwamba nishani unabandikwa na mwanachama mwenzako, na mwanachama mwenzangu alikuwa yeye tu. Ilikuwa kitu kidogo, utepe wa buluu wenye kingo za fedha, juu ya kipande cha chuma. Alipima kwa kidole chake juu ya mfuko wangu wa kushoto, akaibandika, akaisukuma kidogo iwe sawa.

"Imekaa vizuri," alisema. "Sasa wewe ndio utasimama mbele."

Kuanzia wiki ile nilisimama mbele. Yeye aliketi kwenye benchi akiita majina ya watoto katika klabu aliyoianzisha mwenyewe. Aliyeanguka angeruhusiwa kurudia baada ya mwaka, na kila mtu alichukulia kwamba atarudia.

Nishani ile ilinipendeza, sitasema uongo. Sheria ilikataza kuivaa bila sare, kwa hiyo nilianza kuvaa sare hata siku ambazo hatukuwa na klabu. Muuza nyama aliniita Kapteni. Vijana wa bodaboda waliniuliza tangi langu litapaa lini, na kama wakilipa nauli nitawashusha Dubai. Mama mwenye nyumba yangu aliniambia, kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa, kwamba hakujua anakaa na mtu wa serikali. Nilimwambia si ya serikali, lakini nilisema polepole.

Halafu ikaja siku pampu ilipoharibika na nikaingia stoo ya shule kutafuta washa ya mpira. Chini ya boksi la chaki nilikuta karatasi ya Mwalimu, ile iliyorudishwa kutoka Nairobi. Niliifungua kwa udadisi tu. Mwandiko wake ulikuwa umejaza kila mahali, safi, mistari imenyooka. Kwenye swali la thelathini na moja hapakuwa na neno. Alikuwa amepiga mstari mmoja kwa rula pale jibu lilipotakiwa kuwa.

Nilisimama pale mpaka watoto wakaja kuniita.

Alijua jibu lile kuliko mtu yeyote katika kaunti nzima ya Kajiado. Lakini alipofungua bahasha yake na kulikuta swali, alitambua kwamba alikuwa ameshaliongea na mtu. Akaona hawezi kulijibu na bado kutia sahihi chini ya yale maneno. Akaliacha. Mimi niliyemuuliza nikiwa najua imekatazwa, niliandika na kutia sahihi jioni ile ile. Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa hesabu yenyewe. Nilikuwa na arobaini na tatu. Hata bila jibu lile ningepita. Nilikuwa nimeiba kitu nisichokihitaji, na yeye ndiye aliyekilipia.

Nikarudisha karatasi chini ya boksi. Nilidhani nitamwambia Jumamosi ile, kisha ile iliyofuata. Kila nilipoketi naye nilisikia utepe kwenye kifua kama mtu ameniwekea kidole pale. Alinisalimia kama kawaida, akaniuliza kama nimekula. Mwaka haujaisha, akahamishwa. Shule mpya ilikuwa mbele ya mji wa Kajiado, kando ya barabara hiyo hiyo ya Namanga, mahali pakavu kuliko kwetu. Wakati wa kurudia mtihani ulipofika alimwandikia afisa kwamba macho yake yamechoka na haoni haja.

Niliendelea peke yangu mihula minne. Watoto walikuja, walirusha, walilowa. Lakini nilifundisha kama mtu anayepita tu. Mtoto akiniuliza swali gumu nilimwambia tutaliona wiki ijayo, na wiki ijayo nilikuwa na jibu la kitabu tu, bila daftari wala upepo. Ndani yangu ile hali ya zamani ilikuwa imeanza, ile iliyonitoa kwetu na iliyonipandisha juu ya mapipa. Nilianza kutazama malori.

Mwishowe niliandika barua kwa makao makuu nikieleza yote, nikaifunga pamoja na nishani, nikachukua siku moja ya mapumziko kwenda Kajiado. Nilitaka Mwalimu aisome kwanza. Nilimkuta nyuma ya darasa, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, anasahihisha. Alikuwa amekonda. Shule ile ilikuwa na tangi moja, na maji yake yalikuwa ya kunywa tu, aliniambia, kwa hiyo hakuna cha kurusha.

Alisoma barua hadi mwisho akiishika mbali na macho.

"Nilijua," alisema. "Ile siku tu nilifungua bahasha."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Kwamba nilijibu swali? Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni hiyo." Aliikunja barua. "Ukiituma, watakunyang'anya, na klabu itafungwa. Hakuna mwingine ako na nishani kule."

Nilimwambia kwamba klabu ni yake, kwamba sistahili kuivaa nishani, kwamba kila Jumamosi naona aibu. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mtoto aliyechelewa.

"Aibu ni yako, beba," alisema. "Lakini hao watoto hawakukuibia kitu. Unataka kunilipa? Vaa hiyo kitu na ufundishe. Kaa. Sikuombi kingine."

Niliahidi. Aliipasua barua vipande vinne akaviweka ndani ya mkoba wake, si kwenye pipa la taka, maana watoto wangevisoma. Nishani alinirudishia mkononi. Hakunibandika safari hii.

Nilikaa wiki tano. Kama angenilaani ningeweza kukaa hata miaka kumi. Lakini kuvaa kitu kile kila Jumamosi kwa ruhusa ya mtu niliyemdhulumu, mbele ya watoto walionipigia saluti, kulinishinda. Ningependa kusema kulikuwa na sababu nyingine. Bosi wa boza alikuwa mtu mwema na kodi nilikuwa nimelipa.

Nilimwachia mlinzi wa shule pampu, chupa na madumu, nikamwambia nasafiri kidogo. Nilichagua Ijumaa ili Jumamosi inikute mbali. Sare niliiacha kwenye msumari chumbani. Nishani nilitia ndani ya kopo la majani ya chai, na iko humo mpaka leo.

Lori nililopanda lilikuwa la saruji, linaenda Namanga. Tulipita Isinya, tukapita Kajiado mjini, na saa ya michezo tulikuwa tunakaribia shule ya Mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa kutazama upande wa pili. Lakini dereva alipunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wanavuka, na nikiwa nimekaa kando yake dirishani niliona chupa ya plastiki ikipaa nyuma ya ua wa miiba. Ilipanda wima, juu kuliko zetu zote, ikining'iniza mkia mfupi wa maji, ikasimama, ikaanguka. Sikuona mtu. Nilisikia kelele za watoto tu, na kati yake sauti moja ya mwanamke ikihesabu.

Sijui alitoa wapi maji.

Dereva aliuliza ile ni nini. Nilimwambia ni watoto wanacheza. Ng'ombe wa mwisho alivuka, dereva akatia gia, na mimi nikapandisha kioo.