Ndorobo wa Sibwesa na Kopo la Moshi

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Sibwesa, ndorobo hakuwa mdudu. Alikuwa mnyama! Wa mjini wanamwita mbung'o, kwa heshima. Wa kwetu akitua kwenye baiskeli, tairi linapungua upepo. Ukimpiga kofi anakuangalia kwanza, kama anauliza, "Ndo umemaliza?" Halafu anakuchoma palepale. Kumuua mpaka umkamate umsokote kichwa, na hapo wenzake wako mgongoni wanapokezana.

Mama alikuwa na masharti yake ya safari. Nguo ya bluu au nyeusi marufuku, maana ndorobo anaipenda kuliko mtoto anavyopenda sukari. Vaa rangi ya vumbi, mikono mirefu. Ukiumwa, osha na maji ya baridi, uache. "Ukikuna umekaribisha kidonda," ndo maneno yake. Na kubwa kuliko yote, kopo la moshi. Unatoboa kopo la maziwa, unajaza mavi makavu ya tembo, unatia kaa la moto, unalining'iniza nyuma ya baiskeli. Moshi ule! Ndorobo anageuza mwenyewe, anakohoa.

Sasa dada yangu Kashindye akapata mchumba kijiji cha Kakese, anaitwa Masunga, kijana wa Kisukuma, kwao ng'ombe mpaka wanaziba njia. Tatizo mama yake. Yule mama alikagua wachumba kama anakagua ndama, na wawili alisharudisha. Akasema aletewe Kashindye amuone. Jamani, dada alimpenda yule kijana mpaka ugali ulikuwa haushuki.

Shangazi Nyamizi ndo akatupeleka, baiskeli mbili, mimi nyuma yake na kopo langu. Asubuhi dada katoka na gauni la bluu, linang'aa.

"We mtoto, unaenda ukweni au unaenda kulisha ndorobo?"

"Shangazi, ndo gauni zuri pekee nililonalo. Na hilo kopo kaeni nalo mbali. Siwezi kufika kwa mkwe nanuka mavi ya tembo!"

"Haya, tangulia, ua letu."

Akatangulia. Hatukufika mbali porini, gauni la bluu likawa jeusi kwa ndorobo. Jicho moja likaanza kufumba, mdomo ukawa kama andazi. Dada akashuka, analia.

"Shangazi, nikifika hivi si ananirudisha?"

"Uso uliovimba hauoshwi ukaisha, mwanangu. Harufu ya moshi utaiosha tukifika."

Dada akaninyang'anya kopo, akalitundika kwake, akapiga pedeli amezama kwenye moshi kama nyama ya kukausha.

Kuoga kwenyewe wapi! Mama mkwe alikuwa anatusubiri barabarani. Akamkumbatia dada. Akanusa. Akanusa tena. Dada kainamisha kichwa, anangoja kufukuzwa.

"Nyie!" yule mama akasema. "Huyu ananukia boma jioni, ng'ombe wakiwashiwa moshi! Wale wa kwanza walinukia sabuni tu. Huyu kwao wana ng'ombe!"

Kwetu hata mbuzi hatukuwa naye. Nikafungua mdomo niseme ni tembo, shangazi akanifinya paja mpaka nikasahau jina langu.

"Wapo, mama," shangazi akajibu, mpole kabisa. "Wakubwa wakubwa."

Jioni ile ile dada akapewa kata ya maziwa kwa mkono wa mkwe mwenyewe, jicho moja limefumba, lingine linacheka.

Siku hizi mabinti wanapita pori lile kwenye Noah, vioo juu, wamejipaka dawa ya dukani. Ndorobo mmoja akigonga kioo wanampiga picha, wanapiga kelele kama wameona simba. Sikatai, ni raha, hawavimbi, wanafika wazuri. Ila bibi harusi akishuka ukamkumbatia, unanusa duka tu. Hujui katokea Sibwesa, hujui katokea Mishamo, na mwenyewe ukimuuliza njiani kuliendaje, anakwambia alikuwa amelala.