Nyekundu ni ya Kutoboa

Hapa Likasi, mji wa migodi ya shaba, mtu akisema anachimba, anayemsikiliza anataka kujua jambo moja tu: anatoa nini? Nusu ya maisha yangu nimelijibu swali hilo vibaya. Natoa vipande vya vyungu na mawe yaliyochongwa. Kwenye michoro ya miambani sitoi kitu kabisa. Naitazama, naipima kwa utepe, naiiga kwa penseli, kisha narudi nyumbani, mtaa wa Panda, na vumbi la kutosha kumfanya jirani aamini kwamba natafuta shaba kwa siri. Dada yangu mkubwa, aliyenisomesha kwa kuuza unga sokoni, hajawahi kuficha maoni yake. Siku nilipopata udaktari wa akiolojia alipika kuku, akanitazama nikila, akasema, “Papa alichimba akatoa shaba. Weye unachimba, unatoa vigae. Hii jamaa yetu iko narudi nyuma.”

Nje ya mji, kando ya machimbo madogo ya mawe ya chokaa, kuna ukuta wa mwamba ulioinama kama dari. Una safu za madoa mekundu, na mchoro mmoja mrefu unaofanana na ngazi. Nani aliyachora madoa hayo, sijui. Lini, sijui pia. Nimeandika kurasa nyingi kueleza kwa nini sijui, na kwa ajili ya kurasa hizo chuo kilinipandisha cheo.

Kiangazi kimoja, si zamani, nilifika asubuhi na kiti changu cha kukunja nikasikia mashine ikinguruma chini ya dari yangu. Wanaume wa machimbo walikuwa wamekwisha kutoboa matundu matatu, kila tundu katikati kabisa ya doa.

Hawakuwa wakorofi. Katika machimbo yale mpimaji hupita mbele na rangi nyekundu, na pale anapoweka doa ndipo mashine inapoingia. Doa jekundu ni amri. Walipohamishiwa upande ule walikuta amri zimejaa ukutani, zimepangwa vizuri, wakashukuru kwamba safari hii mtu amewatayarishia kazi. Mkuu wao, mtu wa rika langu, alizima mashine ili anisalimie. Kisha akausifia ukuta.

“Papa Prof, huyu mupimaji anajua kazi. Angalia, mustari iko sawa, na kamba hakutumia.”

Katika miaka yangu yote ya mikutano na semina sijasikia mtu akimsifu mchoraji yule vizuri kiasi hicho, na huyu alikuwa anamtoboa.

Nikawaeleza. Mmoja wao, aliyekuwa ameegemea ukuta, akatoa mkono polepole na kuufuta kwenye suruali. Mkuu akasema amesikia, lakini baruti inatiwa mchana huo, na wa kuizuia ni mhandisi peke yake.

Mhandisi akaja na gari. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliomba karatasi inayosema ukuta umelindwa. Nilimwambia maombi yangu yamelala katika ofisi moja kwa muda mrefu. Akatikisa kichwa kama mtu anayetoa rambirambi.

“Papa Prof, miye niko na mteja. Ukuta iko na nani?”

Ningependa kuandika kwamba nilisimama imara mbele yake. Nilikaa. Magoti yangu hayapendi ushujaa wa kusimama. Nilikunjua kiti chini ya madoa, nikatoa penseli, nikaendelea na kazi yangu, kwa sababu baruti haiwashwi wakati kuna mtu amekaa chini ya mwamba. Mhandisi aliniuliza kama nataka kufa kwa ajili ya rangi. Nikamjibu kwamba sina haraka ya kufa, nina haraka ya kumaliza safu ya juu. Wafanyakazi wakaenda kivulini kunywa munkoyo na kunichokoza. Mmoja aliuliza kama nikilipuka naweza kumwachia kiti. Mwenzake akasema kiti ndicho kitakachoruka kwanza, ni chepesi kuliko Prof.

Jua lilipopanda nikamuuliza mkuu wao, kwa sauti ya kusikika, wanaweka nini mahali ambapo mashine isiguse.

“Chokaa,” akasema. “Mustari mweupe. Pale iko baruti yenye ilikataa kulipuka. Hakuna muntu anapita, hata shefu.”

“Na nani anaruhusiwa kuuchora?”

Alifikiri. “Mwenye anaona hatari.”

Ndoo ya chokaa ilikuwa pale pale. Nilichota kwa mikono nikachora mstari, si ukutani, bali ardhini, kutoka pembe moja ya mwamba hadi nyingine. Mstari ukaenda kama nyoka. Mhandisi alikuwa ananitazama muda wote.

“Mustari yako haiko sawa,” akasema.

“Iko nyeupe,” nikasema.

Aliwatazama watu wake. Hakuna aliyeinuka. Kama angeuvuka mbele yao, kesho nao wangevuka mwingine, wenye baruti chini yake, na alilijua hilo kuliko mimi. Akawaambia wahamishie mashine upande wa pili, akaondoka bila kuniaga.

Baadaye alipelekwa kwingine. Aliyekuja badala yake alikuta mstari, akauzunguka, na sijasikia kwamba aliuliza ni wa nani. Madoa matatu yana matundu, hayatapona. Ofisi haijajibu. Mwenzangu mmoja wa taaluma ameniandikia, kwa heshima zote, kwamba njia yangu haina msingi wowote wa kisheria. Ni kweli kabisa. Chokaa nayo hufutika kila mvua ikinyesha. Jana imenyesha, na kesho asubuhi naenda kuchora upya.