Televisheni Nzima kwa Fundi

Jumatatu nilikuwa kwa fundi wa televisheni hapa Ifakara nikisubiri redio yangu, akaingia mama mmoja amebeba televisheni aliyoifunga kwa kitenge. Fundi akamwamkia, akaiwasha. Picha safi, sauti safi.

"Mama, mbona hii ni nzima?"

"Najua, mwanangu. Niondolee taarifa ya habari tu. Tamthilia yangu ya jioni uniachie."

Fundi akacheka. "Zote ziko chaneli moja, mama. Nikiifunga, na tamthilia inakwenda."

Mama hakucheka. Alikuwa akikinyoosha kile kitenge kwa kiganja, taratibu, kama anayepiga pasi.

"Siku mto Lumemo ulipofurika, nilikuwa nasubiri tamthilia ianze. Wakaonyesha mtu amelazwa kwenye matope. Uso wameufunika, shati wameliacha wazi. Lile shati nililishona mimi, la mwanangu."

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Kwenye tamthilia mtu akifa, mama yake anaketishwa kwanza, anashikwa mikono, ndipo anaambiwa. Kama tunavyofanya sisi. Shangazi za mwanangu walikuwa njiani kuja kuniambia. Wakanikuta nimeshajua, niko sakafuni peke yangu."

Fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Basi nifanyeje, mama?"

"Funga zote."

Sisi watu wa habari hujisifu kwamba tunafika wa kwanza. Ni kweli. Kwa mama yule tuliwatangulia hata shangazi.