Oydin wa Lango la Gesi

Kwenye kituo cha gesi cha njia ya Rishton, abiria wote hushushwa langoni kwa hofu ya mlipuko. Dereva huingia peke yake kujaza mtungi wa gari, na abiria humsubiri kwa Oydin, binti muuza chai wa hapo langoni, wakinywa chai. Mimi huuza sambusa za tanuri pembeni yake, kwa hiyo mambo yake yote nayajua, na nisiyoyajua huyauliza.

Shida ya Oydin ilikuwa dereva mmoja, Ravshan. Mwaka mzima alipita hapo kila siku, akimtupia jicho na kukosa nafasi ya kukaa, maana dereva hasubiri langoni. Oydin alimpenda kijana yule, na alikuwa amechoka kungoja neno lake.

Jumatatu moja Ravshan akaja amekaa kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe! Usukani alimpa rafiki yake, ili naye ashushwe kama abiria. Nilicheka hadi sambusa zikaungua.

Kumbe babake Oydin, mzee Tursunboy, alikuwa ameegesha trekta lake hapo. Akammiminia kijana bakuli la chai hadi ukingoni. Kwetu, ukijaziwa bakuli namna hiyo, umeambiwa kunywa uende zako.

"Gesi yenu ya waoga," mzee akamchokoza. "Trekta langu linakunywa dizeli, na hakuna anayeshushwa. Nyie dizeli inawashinda nini?"

Kwa woga, Ravshan akakimbilia habari za injini. "Mzee, injini yako haina plagi. Inaibana hewa mpaka inakuwa moto kabisa, dizeli ikipulizwa ndani inajiwakia yenyewe. Yangu haibani kiasi hicho, na gesi nayo ni ngumu kujiwakia. Lazima ipate cheche."

"Ahaa! Ndiyo maana mwaka mzima umebanwa na hujawaka!"

Watu wakaangua kicheko. Ravshan akainamisha kichwa. Oydin akatua birika kwa kishindo.

"Basi cheche ndiyo mimi," akasema. "Kaka Ravshan, umekuja kunywa chai au kuniposa?"

"Ku... kuposa!"

Moyo ulinidunda utadhani naposwa mimi. Mzee akalichukua lile bakuli, akamwaga chai yote chini, kisha akammiminia upya: funda moja tu, kama anavyomiminiwa mgeni tusiyetaka aondoke.