Mugeni wa Siku Kumi na Nne

Kontra yetu ya nyumba ilisema wazi: watu watano, na mugeni asipitishe siku kumi na nne. Mimi, bwana yangu na watoto watatu tulikuwa tumeshaijaza. Nilitia sahihi nikicheka. Mugeni gani atakaa wiki mbili kwangu, na vyumba vyenyewe viwili?

Halafu mudogo wangu akashuka kutoka Kamituga na mimba ya miezi saba. Mimba yake ya kwanza ilimtoka njiani, juu ya pikipiki, mbali na hospitali. Safari hii daktari alimwambia akae Bukavu hadi azae. Nikamwambia, "Yaya yako, dada yako mkubwa, niko, kaa." Kontra nikaisahau mpaka siku ya kumi na tatu.

Ee Mungu, nilivyoogopa! Mwenye nyumba, maman mujane, aliishi parseli hiyo hiyo, uwanja mmoja na sisi, na wapangaji waliotutangulia aliwatoa kwa sababu ya mashemeji wanne. Basi nikajifanya mwerevu. Kwetu mugeni akifika, lazima kwanza apite kumsalimia mwenye parseli. Jumapili mudogo wangu akatoka na sakoshi yake ya nguo kwenda misa, akarudi nayo, akabisha: "Jambo, maman. Nimefika." Kwa akili yangu, siku zilianza upya. Baada ya wiki mbili tukarudia upuzi huo, naye anapanda ngazi za udongo akihema.

Mara ya tatu nilisimama nyuma yake nikitabasamu kama mjinga. Maman alitazama tumbo, akatazama miguu iliyovimba, kisha akanigeukia.

"Uko na akili kweli, weye? Tangu ile Jumapili ya kwanza nilijua. Nilikuwa nangoja ukuye unielezee. Ungeniomba, ningekatala?"

Haya ilinishika hadi masikioni.

"Wale wa mbele yenu walikuwa wanakunywa na kupigana," akasema. "Huyu iko na mimba. Unataka azalie ku ngazi?"

Akamshika mkono, akamwingiza kwake. Akaniambia chumba cha binti zake walioolewa kiko tupu, mudogo wangu alale humo hadi azae, na mama yetu akija kumuogesha mtoto, walale wote.

Nilikaa chini pale uani, nikacheka, nikalia. Nilipochungulia ndani, mudogo wangu alikuwa amelala mchana kweupe, kinywa wazi, anakoroma. Wiki sita nililala naye chumba kimoja, na sikuwahi kumsikia akikoroma.